Nyumba ya Kuzalia Juu ya Shimo

Kuko tata mumoja wa kravati anazungumuzaka kwenye redio ya hapa Kolwezi asubuhi, wakati bantu banakunywa chai. Anasema pesa ya diaspora njo itajenga inchi. Anasema diaspora ni mugodi yenye bado hatujaichimba. Mi namusikia, naweka kikombe chini. Tata, kwetu tuliichimba. Kuya hapa Manika, nitakufungulia mulango, uweke kiatu yako ya kungaa pale pale mi niliweka mguu yangu, na maendeleo utaiona mpaka kwenye mwisho wake, chini kabisa.

Nilisoma mpaka darasa ya ine ya primeri. Naandika vile ninasema. Majina sitaandika, juu jina yao njo jina yangu pia, lakini kila muntu wa avenue yetu akisoma atajua ni nani. Na benyewe batajijua. Njo kile nataka.

Muke wangu alikufa juu ya taksi-moto, pikipiki ya kubeba bantu, katikati ya nyumba na hopitali, amebanwa kati yangu na dereva. Ilikuwa wakati wa mvua. Malori ya madini yalikuwa yamejipanga kwenye barabara, hakuna hata moja ilisogea kutupisha. Mutoto alikuwa ameanza kutoka. Naye alikufa. Dereva alikataa pesa yangu. Ule ni mutu muzuri katika habari hii, na sikumujua.

Dada yetu anaishi Bulaya. Kule anaosha bazee ba bantu bengine, anabageuza kwenye vitanda, mugongo inamuuma. Alilia na mi kwenye telefone, akasema: "Kwenye parsele, ile kiwanja yenye tata yetu marehemu aliniachia, nitajenga nyumba ya kuzalia. Banamuke ba kartie, ba mutaa wetu, bazalie pale. Asikufe tena mutu mu njia kama muke yako." Nilimuamini. Mpaka leo najua ile siku hakudanganya.

Lakini pesa alituma kwa yaya yetu, kaka mukubwa wa familia, juu yeye alimaliza masomo, anajua Kifaransa, anajua kukunja mukono wa shati. Kwangu alituma salamu.

Walipochimba musingi, udongo ikabadilika. Ikawa nyeusi, nzito, ya kushikamana na vidole. Nilichimba mu migodi ya Mashamba na Mutoshi, ile rangi ya madini hakuna mutu wa kunifundisha. Nikamwambia mwashi: "Mwaga beton leo, ufunike hii udongo, usingoje kesho." Yaya alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliinama, akachukua bonge moja, akalifunga mu leso yake ya kupangusia uso, akaiweka mu mufuko kama mutu ameokota funguo yake.

Nyumba ikasimama. Paa ikaingia, rangi nyeupe ikaingia, na ukuta wa inje ukapanda juu sana, na vipande vya chupa kwa juu. Mi nikapewa chumba cha nyuma, niwe sentineli, mulinzi wa mulango. Dada alifurahia ule ukuta. Alifikiri ni ya kuzuia bezi baingie. Bezi balikuwa ndani, na funguo balikuwa nayo.

Yaya akaita familia. Tukakaa mu chumba kikubwa, kile cha kuzalia. Akaweka lile bonge kwenye meza ya plastiki. Baba mudogo wetu akalipima na mukono, akatabasamu kama mutu ameonjeshwa nyama.

Nikasema: "Hii nyumba ni ya muke wangu."

"Muke yako alikufa," baba mudogo akasema. "Maiti iko na haja gani na karo za kutandika chini?"

"Iko na haja kwa banamuke benye kubaki."

"Weye ni mutu wa mabega," yaya akasema. "Nyamaza, bantu ba kichwa banazungumuza. Nani anagusa nyumba? Dada atapata nyumba yake nzima, na madirisha yake. Chini hakuna madirisha. Nani ataona?"

Bote bakacheka. Na mama mudogo, mwenye alinibeba mugongoni nikiwa mutoto, naye alicheka.

Bachimbaji bakakuya. Mukubwa wao, kwa lugha ya mashimo banamwita pedeje, alikuwa mutu mufupi na kofia ya sufu hata mu joto. Akakataa kuanza. Kwa bachimbaji kuko desturi, mi niliikuta tangu ujana: hauingii chini ya parsele ya mutu bila mwenye parsele kusema ndiyo na kinywa yake. Asipokubali, madini yanakimbia, ao udongo inakufungia. Hata mulevi kati yao anaiheshimu.

"Mwenye parsele ni mi," yaya akasema.

"Tata, usituchezee. Avenue yote inajua ni ya mama wa Bulaya. Tunataka sauti yake."

Yaya akatoka na telefone, akazunguka nyuma ya ukuta. Mi nilikuwa kule, nafua shati. Akamwambia dada kwa Kifaransa kwamba hapa kuko bantu ba kuchimba fose, shimo ya choo, na kwamba ni bantu ba desturi, banataka kubarikiwa na mwenye mahali. Fose ya choo: ya ine ya primeri inatosha kwa kusikia ile. Nikaacha shati ndani ya maji, nikamufuata. Alikuwa amesharudi mbele ya bachimbaji, ameongeza sauti ya telefone, ameinyanyua juu.

"Jambo batata!" dada akasema. Tulimusikia anafurahi. "Chimbeni! Chimbeni murefu, musiogope. Mi nimekubali na Mungu amekubali. Yaya, ubape bukari na nyama, usinipatishe haya."

Pedeje akavua kofia mbele ya telefone. "Aksanti mama. Udumu."

"Dada, sikiliza," nikasema. Yaya alikuwa amekata.

Wengine banasema mbona sikumuita. Nilimuita. Nilinunua unite za kupiga, nikapanda mpaka kwa njia kubwa, pale telefone yangu inashika vizuri, nikamwambia: "Dada, banachimba madini mu chumba ya kuzalia." Akasema atauliza. Na alimuuliza nani? Alimuuliza mwizi.

Yaya akamwambia mi nakunywa pombe tangu nilifiwa na muke. Akamufanyia video. Mi nilisimama kwa dirisha, niliona yote. Alitembea na telefone imeinuliwa mu kifua, akaonyesha madirisha, akaonyesha plafo kwa juu, akaonyesha taa. Chini, bachimbaji balikuwa bamenyamaza. Pedeje alikuwa kwa mudomo wa shimo, kidole kwa midomo.

"Yaya, onyesha chini, nione karo."

Akatoka upesi mpaka kwa chumba kidogo ya pembeni, pale karo ilikuwa imeshatandikwa. "Ona dada. Karo ya kizungu."

"Ni nzuri! Lakini mbona sauti yako ilikuwa inarudi pale kwa chumba kikubwa?"

"Ni ukubwa wa nyumba, dada. Umejenga kitu kikubwa."

Mu shimo, kuko mutu alishindwa kuzuia kicheko, akajifanya anakohoa. Ile siku, mangaribi, nikapata ujumbe kwenye telefone. Dada aliandika: "Acha kunywa. Marehemu angekuwa na haya juu yako." Mi sinywi. Sijawahi kunywa, hata siku ya matanga.

Basi bakachimba. Mifuko ilitoka kwa mulango wa nyuma, ikaingia mu kamioneti, ikaenda kwa depo, na munuzi wa depo hakuuliza imetoka chini ya nyumba gani. Nasema nani alikula, juu kunyamaza njo kumenifikisha hapa. Yaya alikula, akanunua gari. Baba mudogo alikula, akabadilisha mabati. Pastere alikula: alikuya kuombea shimo lisiue, akapata bafle mupya za kutoa sauti mu kanisa, na ile Jumapili alihubiri juu ya kuheshimu wazazi. Shefu wa kartie alikuwa na mufuko yake, ilipimwa mbele ya zingine. Mi pia nilikula nyama ya mbuzi yenye yaya alichinja siku ya Noeli na ile pesa. Ilikuwa tamu. Kama banafikiri kipande cha mbuzi kinanifunga kinywa, ona, naandika.

Kisha dada akasema anakuya. Yeye na benzake ba kule, bantu ba kwetu benye kuishi mu ule muji, balikuwa bamechanga, bamenunua vitanda vya kuzalia kwa hopitali moja yenye ilifungwa. Vya chuma, vizito, vyenye kushuka na kupanda. Yaya akanituma Kasumbalesa, kwa mupaka, nisindikize lori. Nililala kule siku nyingi, juu bantu ba duane, bale ba ushuru, nao balitaka kula.

Niliporudi, chumba kikubwa kilikuwa kinangaa. Karo nyeupe, ukuta mupaka ukuta. Pedeje na bantu yake balikuwa bamefukuzwa, bamekaa inje kwa njia.

"Mulijaza shimo?" nikauliza.

"Tulijaza," yaya akasema. "Malori na malori ya udongo. Weye kila siku ni kuuliza."

Hakuna hata lori moja. Pesa ya malori alikuwa ameiomba kwa dada kama pesa ya jenereta, akaila. Juu ya shimo aliweka mbao za kofraje, juu ya mbao mabati ya zamani ya baba mudogo, juu ya mabati simenti kidogo kama siagi kwa mukate, na juu ya simenti, karo. Kichwa yote ile ya masomo, na hakufikiria kitanda kinapima ngapi. Alifikiria tu macho ya dada.

Siku ya kufungua, batandika hema kwa njia. Viti vilikodishwa. Kwa ukuta wa inje muchoraji alikuwa ameandika kwa herufi kubwa za buluu: MATERNITE, na mwanamuke amebeba mutoto. Dada alikuwa amenenepa kidogo, amevaa kikwembe ya siku kubwa. Aliniangalia kama unaangalia mugonjwa mwenye umesikia amepona. Akasema mbele ya bote: "Kitanda ya kwanza, abebe uyu mudogo wangu. Ni juu ya muke yake tumejenga."

Ile alifanya vizuri. Siwezi kukataa.

Tukabeba, mi kwa upande wa kichwa cha kitanda, vijana batatu kwa pembe zingine. Bamama banapiga vigelegele. Nikaingia mugongo mbele. Niliisikia kwanza kwa kisigino: karo ilijibu kama ngoma. Nikasema "Rudi!" Bale vijana bakaachilia, bakaruka. Mi nilikuwa nimeshika, karo ikafunguka, nikaanguka pamoja na kitanda.

Kilichoniponyesha ni kile kitanda. Kilikuwa kirefu kuliko upana wa shimo, kikanasa njiani, nami nikabaki juu yake, mguu umesagwa kati ya chuma na udongo. Chini yangu nilisikia karo zinaendelea kuanguka, na kisha maji.

Sauti ya kwanza kutoka juu ilikuwa ya yaya: "Kitanda! Kitanda iko wapi?"

Ya pili ilikuwa ya dada. Hakuwa analia. Alikuwa anauliza kama mutoto: "Ni fose? Ni fose njo imeanguka?"

"Ndiyo, dada," yaya akasema. "Ni fose. Bale bantu balichimba mubaya."

Nilipiga makelele mule, lakini damu ilikuwa mu kinywa. Pedeje ndiye alijibu. Alikuwa ameingia mbio na kamba, kofia yake kwa mukono. "Mama, fose gani? Hili ni shimo yetu ya madini. Si weye ulitukubalia? Sauti yako tuliisikia bote."

Pedeje akashuka, akanifunga kamba chini ya makwapa. Bachimbaji ndio balinitoa. Familia ilikuwa imesogea kwa mulango, mbali na ufa.

Dada alirudi Bulaya. Sitasema alikimbia, nasema kongé yake ya kazi iliisha. Aliniombea musamaha kwa hopitali, akalipa dawa. Lakini kwa benzake ba kule, benye balichanga, alisema nini? Alisema vitanda vimefika. Ni kweli, vimefika. Kimoja kiko shimoni, vingine viko kwa yaya, banalalia. Alipata haya ya kusema, na yaya alijua atapata haya, akaketi juu ya ile haya kama kiti. Yaya alipiga picha ya ukuta, ya yale maandishi ya buluu, akaituma kwa bantu bengine ba Bulaya. Na banatuma pesa. Sasa ni ya dawa, sasa ni ya mataa. Tata wa redio, usiseme diaspora haichangii. Inachangia ukuta.

Na banamuke bakaanza kukuya. Hakuna mutu alibambia. Dereva wa taksi-moto anaona MATERNITE, anakata kona, anasimama. Mi natoka na fimbo yangu, navuta huu mguu. "Hapa hakuna kitu. Endeni hopitali." Kuna mama mumoja alinipiga na sandale. "Weye sentineli mubaya, tufungulie! Mutoto wangu anakufa!" Nikamufungulia, nikamuonyesha chumba. Aliangalia mule ndani, akaniangalia mi, akashika binti yake bakarudi kwa taksi-moto. Zile dakika zake nani atamurudishia? Muke wangu alikosa zile zile.

Kesho yake nikanunua mafuta machafu ya motere kwa fundi wa gari. Nikapakaa. Buluu ikakufa, mama na mutoto bakakufa, ukuta ukawa mweusi kama ule udongo. Yaya akakuya na gari yake, akaruka kabla haijasimama.

"Unafanya nini, mupumbavu? Ile maandishi njo inatulisha!"

"Inabalisha," nikasema. "Kuya ufute na lulimi yako."

Alinyanyua mukono. Nikanyanyua fimbo. Jirani zote balikuwa kwa milango yao, na mara hii hakuna alicheka. Akarudi mu gari.

Dada akaniita mangaribi. "Nani alifuta?"

"Mi."

"Benzangu bataniuliza."

"Bape namba yangu."

Nikasikia muzee mumoja wa kule anamuita kwa lugha yao. Akasema lazima aende amugeuze. Hakunikatalia namba. Hajaipeana pia, telefone yangu iko hapa na haijalia.

Juzi nilikuwa kwa mulango, taksi-moto ikatoka kwa kona mbio. Mwanamuke amebanwa katikati, mama yake nyuma amemushika na mikono mbili, kikwembe kinaburuta. Nikasimama tayari na fimbo. Dereva aliangalia ukuta mweusi mara moja tu, akaongeza mafuta, akapita.

Nikabaki nasikiliza motere mpaka ikapotea kwa upande wa hopitali.