Sarafu ya Jumamosi

Mama Pacha, karani wa stoo ya dawa, hakuwahi kujiona mtu wa bahati, na mumewe hakuona sababu ya kumsahihisha. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, sharti mmoja wao abaki na mapacha. Mama Pacha alitaka kwenda darasa la kompyuta, maana mkuu wake alishasema stoo inahamia kwenye kompyuta, na asiyejua ajitafutie pa kwenda. Baba Pacha, fundi friji, alitaka kwenda kucheza drafti kwa kinyozi. Mambo mazito yote mawili, kwa maelezo ya Baba Pacha.

"Tusigombane kama watoto," alisema, mpenda haki yule. "Turushe sarafu. Kichwa, unakwenda wewe. Namba, nakwenda mimi."

Sarafu ikampenda Baba Pacha kupita kiasi. Mkewe akabaki akikoroga uji na kulaumu nyota yake, hata mwalimu wa kompyuta akamtumia ujumbe: akikosa na mtihani, jina linafutwa.

"Nina nuksi, Mwalimu," alimwambia Jumamosi moja aliyobahatika kufika. "Sarafu hainitaki."

Mwalimu, kijana asiyeoa aliyeamini kila ugonjwa unatibika kwa programu, akamwambia aandike mchezo wa kurusha sarafu. Akaandika, akaiamuru kompyuta irushe mara elfu kumi. Kichwa karibu nusu, namba karibu nusu. Akarudia, yale yale. Nuksi gani hii inayoishia mlangoni pa darasa?

"Umeuandika wote kama mnavyoucheza nyumbani?" Mwalimu akauliza.

Mama Pacha akacheka. "Wote. Labda kijambo kimoja tu. Kikitoka kichwa, mume wangu husema sarafu imegonga kiti, haihesabiki, turushe tena. Namwachia. Lakini mara moja tu, si mroho."

"Kiandike nacho."

Akaongeza mstari: kikitoka kichwa, rusha tena mara moja. Akabonyeza. Baba Pacha akashinda karibu robo tatu ya michezo yote. Mama Pacha akapiga hesabu mwenyewe: mume anachukua nusu kwa mrusho wa kwanza, nusu iliyobaki anaimega katikati kwa mrusho wa pili, mke anaambulia robo. Kikulacho ki nguoni mwako. Muda wote huo ameisingizia nyota yake, kumbe ni upole wake! Kicheko kikamkauka. Hasira zikampanda hadi masikioni, na nyingi zilikuwa za kujikasirikia mwenyewe.

Jumamosi ya mtihani alivaa mapema. "Leo mrusho mmoja," alimwambia mumewe. "Hata igonge kiti, meza au utosi wako."

Baba Pacha akanuna, akasema ndoa yao imeingiliwa na kompyuta, lakini akakubali. Sarafu ikaruka, ikaanguka katikati ya sakafu, mbali na kiti chochote. Namba.

Haki tupu. Mama Pacha aliitazama. Hata kule darasani nusu ya mirusho ilikuwa namba. Hakuna aliyemwahidi kwamba haki itamjia siku anayoihitaji. Alitamani kulia. Baba Pacha alishaanza kutafuta viatu vyake huku akipiga mluzi.

Akamfuata hapo alipoinama, akamkabidhi pacha mmoja mkono huu na wa pili mkono ule, kisha akachukua mkoba wake.

"We, mama! Sarafu si imeshasema?"

"Imesema, na imesema kweli. Lakini sarafu haikumbuki Jumamosi zilizopita, Baba Pacha. Mimi nazikumbuka zote."

Baba Pacha akafungua kinywa kudai mrusho mwingine, ndipo akakumbuka kuwa aliyeshinda ni yeye. Alipokifunga, mkewe alikuwa keshafika barabarani.