191

Leo nimeshangilia binamu yangu akipigwa.

Natengeneza programu ya kupima mapigo ya moyo kwenye saa janja. Binamu huyo, Maganga, kaja jana kutoka Goweko. Nikamvalisha saa, nikamwambia akimbie kuzunguka soko.

Mimi nimekaa kibarazani, namba zinaingia kwenye simu.

140.
165.
191!

Nikaruka: "Inafanya kazi!"

Kumbe mtu kaona mgeni anakimbia na saa ya bei mbaya, kapiga yowe: "Mwizi!"

Nikakimbilia kelele, nikamkuta Maganga chini. Mateke, matofali, damu.

"Saa yangu hiyo! Nimempa mimi!"

Wakaacha. Mzee mmoja, tofali bado mkononi, akaniuliza: "Sasa alikuwa anakimbia nini?"

Maganga yuko wodini, kashonwa kichwa. Shangazi, mama yake, anapiga simu.

Nimwambie nini, jamani?