Mfasiri wa Polisi Wawili

Katika ukumbi wa video wa Mama Kulusum, mjini Arua, mfasiri wetu, aliyetugeuzia filamu za kigeni kwa Kiswahili, alikuwa akisimama kando ya televisheni, mkono mmoja ukishika kipaza sauti, mwingine ukipapasa kifua cha shati, mahali alipovaa beji zamani alipokuwa polisi Koboko. Siku hiyo tulitazama filamu ya kichekesho ya polisi wawili, mweusi na mzungu. Mkubwa wao alipowafokea, mfasiri akatia maneno yake mwenyewe: "Mimi nakula, nyinyi mulinde sahani!" Tulicheka mpaka mabenchi yakalia. Kisha wale wawili wakapotezana kwenye mvua, mmoja akaita, na mfasiri akashusha kipaza sauti.

"Mzee, iko nasema nini?" akauliza Mama Kulusum.

"Iko naita rafiki yake." "Mwaka sabini na tisa tulikimbia vita kwenda Zaire, mimi na Kasimiro, polisi mwenzangu. Watu ilikuwa mingi kwa njia, tukapotezana. Mpaka leo sijamuona."

Akainua tena kipaza sauti. "Kasimiro, ngoja hapo. Mimi nakuja."

Kwenye televisheni, wale polisi walikuwa wamekwisha kuonana, wamekumbatiana.