Shikamoo Iliyokuja Baada ya Rungu

Leo asubuhi askari amempiga baba yangu mkubwa kwa sababu ya uso wake.

Tulikuwa kwenye foleni ya maji hapa Newala. Baba mkubwa ana nembo, zile chale za Kimakonde alizochanjwa mashavuni akiwa kijana. Wazee wenye uso kama ule wamebaki wachache.

Wakapita askari wawili. Mmoja, mgeni huku kwetu, akasimama mbele yake.

"Wewe Mmsumbiji, umevuka mpaka lini?"

Baba mkubwa akamjibu kwa Kimakonde, halafu akatia mkono mfukoni atoe kitambulisho.

Rungu likatua begani. La pili likampata mgongoni, ameshapiga magoti. Mzee wa miaka sabini na kitu, jamani.

Nikapiga kelele kwamba ni baba yangu, mzaliwa wa Chilangala, hapa hapa Newala. Nikaambiwa ninyamaze.

Kitambulisho kikaangukia kwenye tope. Askari wa pili akakiokota, akakisoma, akamwonyesha mwenzake.

Yule mpigaji akavua kofia. Mnadhani aliomba radhi?

"Shikamoo, mzee."

Baba mkubwa huitikia hata salamu ya mtoto wa chekechea.

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mwitikie tu, Baba Hadija, yaishe."

Hakuitikia. Alijipangusa tope, akachukua dumu lake, akarudi kwenye nafasi yake.

Na wewe mama wa kwenye foleni, najua unasoma hapa. Njoo nyumbani uone bega lake, halafu uniambie kimeisha nini.