Kama Wizara Ingekuja Kalemie

Philomène alikuwa jikoni kwa mapadri, anapaa samaki aina ya kuhe, redio ilipotangaza kwamba serikali inatafuta mahali pa kuhamishia wizara zake. Kinshasa imejaa, alisema mtangazaji. Magari hayapiti, mvua ikinyesha ofisi zinaingia maji, na sasa tume imeundwa kuchunguza mahali patatu: pa kwanza si mbali na Kinshasa kwenyewe, pa pili katikati ya nchi, na pa tatu ni uwanda wa juu, nyuma ya Kalemie.

Alikiacha kisu juu ya ubao. Alinawa mikono, akasogea karibu na redio, lakini mtangazaji alikuwa ameshafika kwenye mpira.

Mume wake, Cyprien, alikuwa Kinshasa. Aliondoka akiwa kijana mwenye suti moja, mchoraji wa ramani za viwanja, aliyeitwa kufanya kazi wizarani kwa mwaka mmoja, au ikizidi sana miwili. Binti yao Chancelle alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kushika kalamu. Sasa Chancelle alikuwa anamaliza sekondari, mrefu kuliko mama yake, na babaye alikuwa sauti ya Jumapili jioni kwenye simu.

Si kwamba hawakujaribu. Mwanzoni Philomène alifunga mizigo mara mbili amfuate. Mara ya kwanza mama mkwe alipooza upande mmoja, akabaki kumuuguza hadi akamzika. Mara ya pili Cyprien mwenyewe alimzuia: analala chumba kimoja na wanaume wengine, asubiri kwanza apate nyumba. Nyumba haikupatikana. Na Kinshasa, kwa mtu wa Kalemie, ni mbali kuliko nchi za watu. Kigoma unavuka ziwa tu, unalala, umefika. Kinshasa ni ndege, na ndege si ya kila mtu.

Kwa hiyo alijifunza kuishi na kutokuwepo kwake kama mtu anavyojifunza kuishi na jirani. Alijua saa zinazouma. Asubuhi haikuuma, kazi ilikuwa nyingi. Ilimuuma saa tisa alasiri, watu wa ofisini walipoanza kushuka kuelekea nyumbani, mashati yamelowa mgongoni, wengine wamebeba viatu mkononi pale ambapo ziwa lilikuwa limeimeza barabara. Cyprien naye, kabla hajaondoka, alikuwa akirudi saa hiyo. Alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kufika mlangoni, si kwa ugonjwa, kwa adabu tu, kana kwamba anaingia kwa wenyewe.

Jumapili ile Philomène ndiye aliyempigia kwanza.

"Papa Chancelle, umesikia habari ya tume?"

Cyprien alicheka. "Hiyo habari niko nasikia tangu nafika huku. Kila mukubwa anayeingia anataka kuhamisha muji."

"Safari hii wametaja Kalemie."

Nyuma ya Cyprien magari yalikuwa yanapiga honi, na mtu akiuza kitu kwa Kilingala.

"Basi," alisema, "kama wizara itakuja Kalemie, nitakuja nayo."

Philomène aliyachukua maneno hayo akalala nayo. Kesho yake alinunua chokaa, akaanza kupaka ukuta wa mbele wa nyumba.

Tume ilifika mwanzo wa kiangazi, ikapangiwa vyumba kwenye nyumba ya wageni ya mapadri. Walikuwa watatu. Mkuu wao alikuwa injinia Emmanuella, mama wa makamo, mwembamba, asiyekula pilipili. Papa Josias, mzee wa jiografia, alikuwa anaulizia chumvi kila mlo. Wa tatu alikuwa Urbain, mpima ardhi, ambaye muda wote alikuwa anachaji betri za vyombo vyake. Philomène ndiye aliyewapikia.

Mji ulichangamka. Watu walipanda uwandani wakaanza kufyeka na kufunga kamba kwenye miti kuonyesha kwamba hapa pana mwenyewe. Fundi cherehani wa karibu na stesheni aliandika juu ya mlango wake, kwa rangi nyekundu, *Suti za Ministeri*. Mafundi wa matofali walichoma tanuru baada ya tanuru. Hata padri, aliyezoea kuiita serikali Leta na kusema kwamba ya Leta ni ya Leta, alihubiri juu ya mji uliojengwa mlimani.

Philomène hakufunga kamba popote. Alichotaka hakikuhitaji kiwanja. Alipaka kuta zote nne, akabadilisha bawaba za mlango, akashona pazia. Chancelle alimwangalia tu, hadi siku moja, akiwa anapepeta mchele, akauliza:

"Mama, papa amesema anakuja?"

"Amesema atakuja na wizara."

"Lakini wizara yenyewe njo haijasema kama inakuja."

"Mutoto, pepeta muchele."

Siku tume ilipokwenda kushinda uwandani, Emmanuella alimwomba Philomène aende nao awapikie hukohuko. Waliondoka na gari la kukodi, sufuria zikigongana nyuma. Barabara ilipanda ikijipinda, na kila kona ziwa lilikuwa linazidi kuwa pana, hadi ng'ambo ya Tanzania ikaonekana kama mstari wa moshi.

Juu kulikuwa na majani marefu yaliyokauka, upepo, na mashamba ya mihogo ya watu. Baada ya kula, Papa Josias alilala garini, Urbain akatokomea na vyombo vyake. Emmanuella alibaki amesimama, ramani imekunjwa mkononi.

"Hapa lingekuwa Bunge," alisema, kama mtu anayesema na nafsi yake. "Wizara zingefuata huu mgongo. Nyumba za watumishi kule chini, karibu na maji."

"Na wizara ya viwanja?" aliuliza Philomène. "Ile ya ramani za ardhi. Ingekaa wapi?"

Emmanuella alimtazama, kisha akanyoosha mkono kuelekea kijilima. "Tuseme pale."

Philomène alikwenda. Hakuomba ruhusa, alikwenda tu, akiyatenga majani kwa mikono, hadi akasimama juu ya kijilima. Alitafuta kwa macho njia ambayo mtu angeshuka nayo saa tisa alasiri. Ingepita kwenye ile mihogo, ikate bondeni, itokee kwenye barabara. Kwa mguu ingekuwa mwendo mrefu kidogo, lakini wa kuteremka. Angeweza kumwona akiwa bado mbali.

Aliporudi, Emmanuella alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Una muntu wako kule wizarani," alisema.

Philomène alimweleza. Hakuwahi kumweleza mgeni, lakini alimweleza yote, kuanzia suti moja hadi chokaa.

Emmanuella alisikiliza hadi mwisho. "Mama Philomène, nisikufiche. Sisi tunapima na kuandika tu, wengine njo wanaamua. Na huku udongo unatetemeka, reli imechoka, na ni mbali. Usiweke nyumba yako juu ya ramani yangu." Kisha akauliza: "Na yeye mwenyewe? Anataka kurudi?"

Miaka yote hiyo Philomène alikuwa amemuuliza mumewe atarudi lini. Hakuwahi kumuuliza kama anataka.

Tume iliondoka. Jumapili iliyofuata alikaa nje ya nyumba iliyopakwa chokaa, simu ikaita, naye hakuanza na salamu za watoto wa jirani kama kawaida.

"Papa Chancelle, achana na wizara. Nakuuliza wewe. Unataka kurudi nyumbani?"

"Mama Chancelle," alisema Cyprien, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imeacha ule ucheshi wa Kinshasa. "Mimi siko wizarani tena."

"Unasema nini?"

"Walitupunguza. Zamani, kabla Chancelle hajaanza sekondari. Waliweka majina mlangoni, langu halikuwamo. Sasa nakaa kando ya barabara na meza na mwavuli, nachorea watu viwanja vyao. Njo kazi yangu hiyo."

Philomène alitazama ukuta mweupe. "Na uliniambia utakuja na wizara."

"Nilijua haitakuja. Halafu mukasema tume imefika, munaipikia, nikaogopa. Wizara ingefika Kalemie yote nzima, watu wote wakishuka kwa ndege, na mimi simo. Ungesimama pale kunipokea."

Hakupiga kelele wala hakulia. Alikata simu, akaingia ndani, akakaa kitandani upande ambao hakuwa akiukalia. Hasira ilikuja, ikakaa naye kwa wiki mbili. Alikuwa akisugua sufuria za mapadri hadi zinang'aa kama mpya. Lakini chini ya hasira kulikuwa na jambo lingine lililomtesa zaidi. Kila usiku, miaka yote hiyo, alikuwa ameiomba Leta imrudishie mume wake, na kumbe Leta ilishamwachilia zamani. Hakuna aliyekuwa anamshika. Ilikuwa aibu tu, na aibu si mbali kama Kinshasa.

Alimpigia katikati ya wiki, siku isiyo yao.

"Sikuolewa na wizara," alisema. "Kuja."

"Nitakuja na nini, Philomène? Sina kitu."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kumwita kwa jina lake.

"Kuja na meza yako. Hata huku watu wana viwanja."

Matokeo ya tume yalisomwa redioni wakati mvua za kwanza zilipoanza. Walikuwa wamependekeza mahali pale pa katikati ya nchi. Kalemie walisikiliza, wakatingisha vichwa, wakaenda kufungua kamba zao kwenye miti maana kamba ina kazi. Fundi cherehani alifuta neno la mwisho kwenye mlango wake, akabakiza *Suti za*, hadi leo.

Cyprien hakuja kwa ndege. Alipanda mashua ya mizigo hadi bandari ya Ilebo, akangoja treni, akapanda, ikaharibika, akangoja nyingine. Alipita Kamina, alipita Kabalo. Alikuwa anapiga simu kila penye mtandao. Mara moja alipiga akasema treni imesimama karibu na pale palipochaguliwa.

"Pako vipi?" aliuliza Philomène.

"Majani tu. Na mama mumoja anauza mihogo ya kuchoma. Nimenunua."

Alishuka stesheni asubuhi moja ya mvua, amekonda, mvi zimemjaa pembeni, na begi la plastiki. Chancelle alimpa mkono kama anavyopewa mwalimu. Philomène alipokea begi. Walitembea hadi nyumbani watu watatu bila kujua nani atangulie.

Ingependeza kusema kwamba kiu ya kumngoja iliisha siku hiyo. Haikuisha. Mtu aliyerudi alikuwa anaota kwa Kilingala, alikuwa analala chali, alikuwa anashtuka kwa ukimya wa mtaa baada ya saa mbili. Jioni alikuwa anazungusha redio akitafuta muziki wa Kinshasa, na uso wake ulikuwa unaenda mbali. Philomène alimtazama akila, akagundua kwamba bado anamkumbuka Cyprien, yule wa suti moja, na kwamba kumwona huyu mbele yake hakukupunguza kitu.

Alimwambia. Walikuwa wamekaa uani, yeye anachambua sombe, yale majani ya muhogo.

"Bado niko nakungojea," alisema. "Sijui nafanyaje."

Cyprien hakukasirika. Alichukua tawi la sombe, akaanza kulichambua naye, vibaya, akiacha vikonyo.

"Na mimi," alisema. "Kule nilikuwa nakuona kila siku. Hapa niko nakutafuta."

Aliacha vikonyo vile vile. Philomène alivitoa kimoja kimoja bila kumsahihisha, na Chancelle alipotoka ndani kuuliza nani anakwenda kuchota maji, Cyprien alisimama, akachukua ndoo mbili, akauliza bomba liko upande gani siku hizi.