Mkono Usioshtuka

Mwanangu wa kwanza, alipokuwa mchanga, alishtuka kwa mkono mmoja. Sufuria ikianguka, mkono wa kulia uliruka juu, vidole vikachanuka, kisha ukarudi kifuani ukitetemeka. Wa kushoto ulilala ubavuni, kimya.

Nilijifungulia Handeni, katika kijiji cha ujamaa tulichohamishiwa kwa lori. Tuliahidiwa zahanati, tulikuta kuta zimefika usawa wa dirisha, basi. Mtoto alikuwa mkubwa, bega likakwama, na mkunga wa kijiji akamvuta. Yeye simlaumu. Nawalaumu walioahidi.

Mama mkwe alipoona mjukuu anavyoruka, alisema shetani anamtisha. Akaufunga hirizi mkono wa kulia, kisha akaubana mwilini kwa kanga.

"Wa kushoto umeshatulia," alisema. "Bado huu."

"Mama, wa kushoto haujashtuka tangu azaliwe."

"Basi shukuru! Au wataka apigepige yote miwili kama kuku anayechinjwa?"

Wanawake waliokuja kunipa hongera wakacheka. Nilikaa na hasira yangu, nikaendelea kunyonyesha.

Niliomba kwenda hospitali Korogwe. Nikaambiwa mzazi hatoki kabla ya arobaini. Mume wangu alikuwa mjumbe wa kamati ya kijiji. Kila mkutano alisimama kuhimiza watu wapige vita ujinga. Nilimgeukia.

"Mama ameshasema," alinijibu, akachukua jembe akaenda shamba la kijiji.

Arobaini ilipokwisha tulikwenda, mimi na mama mkwe. Nesi alifungua ile kanga, akakiinua kichwa cha mtoto kidogo, akakiachia kikatua kiganjani mwake. Mkono wa kulia ukaruka.

"Mtoto mchanga ndivyo anavyotakiwa kuruka, mikono yote. Mbona mmefunga ule mzima?"

"Muulize bibi yake," nikasema, bibi mwenyewe akisikia.

Nesi akatia kidole katika kiganja cha kushoto. Vidole vikakishika.

"Vidole vinashika, ila mshipa wa bega ulivutika alipozaliwa," alisema. "Unaweza kupona, unaweza usipone. Mngemleta mapema, tungekuwa tumeshaanza kumnyoosha."

Mama mkwe aliikunja ile kanga, tukapanda basi la kurudi. Pale Masuguru dereva alipiga honi kali. Sote wawili tulimwinamia mtoto. Mkono wa kulia uliruka. Bega la kushoto nalo lilicheza kidogo, lakini tulikuwa juu ya makorongo, na basi zima lilikuwa linatikisika.