Bakuli la Vitumbua

Mimi ni mtu wa ndani. Hapa Thamesmead, London, naweza kumaliza wiki nzima sijagusa kitufe cha lifti. Mke wangu, anayehudumia wazee kwa zamu, husema siku nikifa nitazikwa na rimoti.

Yeye ndiye aliyenisukuma. Chini ya jengo letu, kwenye chumba kilichokuwa cha kufulia, msanii mmoja kijana aliweka meza ndefu: leta kitu, chukua kitu, pesa hakuna. Hiyo ndiyo sanaa yenyewe.

"Nenda ukaonane na watu," mke wangu akasema. "Hilo kochi limekuchoka."

Nikapika vitumbua, maana sijui kingine, nikavipanga kwenye bakuli la bati la marehemu mama, lenye maua mekundu na ukingo uliobanduka rangi. Kwetu Tanga chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa wali, unarudisha bakuli na ndizi, au hata chumvi. Basi nikaliacha mezani, nikapanda juu kungoja. Kidato cha nne hakikunifundisha zaidi ya hapo.

Jioni nikashuka. Vitumbua hakuna, bakuli hakuna. Mahali pake palikuwa na mshumaa uliokwishatumika nusu.

"Limepata mwenyewe," msanii akaniambia, uso unang'aa. Nilipomweleza kuwa nilitoa vitumbua, si bakuli, akabandika mlangoni tangazo la kulitafuta.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, umewaachia Wazungu chombo, sasa unangoja kirudi na ndizi?"

Kisha akakumbuka lilikuwa la nani. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho msibani. Akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoumia.

Wiki tatu nilishuka kila siku. Sijawahi kutembea hivyo tangu nifike London. Halafu chumba kikafungwa, kwa kuwa jengo litabomolewa, na msanii akaihamishia meza yake kwingine. Pengine bakuli la mama sasa linatunza funguo za mtu.

Juzi jirani wa juu, mama wa Kikongo, alituletea sombe, kisamvu chao, ndani ya kopo la plastiki la aiskrimu. Nikamuuliza chombo nikirudishe lini.

"Usirudishe, ndugu. Kitupe tu. Huku nimezoea."

Nililiosha hata hivyo, nikalikausha, nikasimama nalo kidogo jikoni. Kisha nikalitupa.